Rosa Mistika: Kwa nini riwaya ya 1971 bado inawagusa watu wa Bunda na Musoma

Ukipanda pantoni Kisorya, wilayani Bunda, ukavuka kwenda Rugezi, umeshaingia Ukerewe. Wajita wako pande zote mbili za maji, na mambo ya mahari, heshima ya baba na sifa ya binti yanazungumzwa karibu kwa namna moja. Huko ndiko alikozaliwa Euphrase Kezilahabi mwaka 1944, katika kijiji cha Namagondo. Na kijiji hicho hicho ndicho alichokiweka ndani ya riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971.

Hadithi inaanzia kwenye barua. Kijana aitwaye Charles anamwandikia Rosa, baba yake Zakaria anainasa, na binti anachapwa vibaya. Tangu hapo, kwa Rosa, mwanaume ni hatari tupu. Zakaria anayejifanya mlinzi wa maadili, mwenyewe ni mlevi wa kutupwa anayempiga mkewe, Regina.

Rosa anakwenda kusoma Mwanza, baadaye chuo cha ualimu Morogoro. Akiwa mbali na fimbo ya baba, hana anachokijua kuhusu mapenzi isipokuwa woga, na woga ukiisha hakuna cha kumshika. Anaangukia kwenye mikono ya wanaume, wengine wenye vyeo na umri wa kumzaa.

Mwishowe anatulia, na Charles yule yule wa barua anarudi kumchumbia. Ukifika hapa unadhani mambo yamenyooka. Hapana. Charles anapotambua kwamba Rosa si bikira, uchumba unavunjika, na Rosa anajiua.

Wengi huisoma kama onyo kwa mabinti wanaoruka ruka. Usomaji huo unamwachia baba njia rahisi mno. Zakaria hakumfundisha Rosa kuchagua, alimfundisha kuogopa. Na kipimo kilichomuua kinapima upande mmoja tu: maisha ya Charles hayahojiwi na mtu, wala wale wanaume wengine hawaitwi kujieleza.

Kitabu kilipotoka kilileta kelele. Kilieleza mambo ya kitandani na utoaji mimba waziwazi kuliko wasomaji wa Kiswahili walivyozoea, kikapigwa marufuku shuleni. Baadaye katazo likaondolewa.

Mwaka huo huo wa 1971 Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa. Sheria hiyo inasema ndoa haibatiliki kwa sababu tu mahari haikulipwa, jambo ambalo kwa mzee anayesubiri ng'ombe linaweza kusikika kama mzaha. Lakini pia iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, wakati mvulana anatakiwa awe na 18. Yaani kipimo tofauti kwa binti kiliandikwa hadi kwenye sheria. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliona vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019.

Shuleni nako msichana aliyepata mimba alikuwa anapoteza masomo yake, mpaka Novemba 2021 serikali iliporuhusu warudi darasani baada ya kujifungua. Ni miaka 50 tangu Rosa aingie dukani.

Kezilahabi alifariki Januari 2020. Jina la kitabu alilichukua kwenye litania ya Bikira Maria, na si kwa bahati, maana alipitia seminari. Akampa jina hilo la usafi binti ambaye kijiji kitamhesabu mchafu. Tena hakumwacha Zakaria apumzike: mwishoni mwa kitabu baba na binti wako mbele ya Mungu, wanashitakiana.