Mara na Kilimanjaro: Pengo Lililoanzia Darasani

Kwa rasilimali peke yake, Mara haikupaswa kuachwa nyuma na Kilimanjaro. Ina Ziwa Victoria, ina dhahabu ya Nyamongo na Buhemba, ina sehemu kubwa ya Hifadhi ya Serengeti, na mashamba ya pamba na mihogo kuanzia Bunda hadi Butiama. Lakini katika elimu, afya na makazi, Kilimanjaro imetangulia kwa miongo mingi, na chanzo chake ni cha kabla ya Uhuru.

Wamisionari Wakatoliki na Walutheri walifika Uchaggani, Kilimanjaro, kabla ya mwaka 1900, wakafungua shule na zahanati. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kahawa ikapata njia ya kwenda bandarini. Mwaka 1933 wakulima wakaunda chama cha ushirika, KNCU, na fedha za kahawa zikageuka ada. Kwa upande wa Mara, Musoma ilitegemea meli za ziwani, na shule zake zilikuwa za kuhesabu. Julius Nyerere alipoanza masomo mwaka 1934, akiwa na miaka 12, ilibidi aondoke Butiama akaishi bwenini katika shule ya Mwisenge, mjini Musoma. Naye alikuwa mtoto wa mtemi. Watoto wengi wa rika lake walibaki machungani.

Serikali huru ilijaribu kuziba pengo hilo. Nafasi za sekondari zikagawanywa kimkoa ili mikoa iliyotangulia isizichukue zote. Novemba 1974, chama tawala, TANU, kikikutana mjini Musoma, kikapitisha azimio la kuharakisha elimu ya msingi kwa kila mtoto, lengo likiwa mwaka 1977. Madarasa ya Mara yalijaa. Huko Kilimanjaro, wazazi walioona nafasi za serikali zimebanwa walichangishana, wakajenga sekondari zao kupitia makanisa na jumuiya za wazazi. Hatua iliyokusudiwa kuwasubirisha waliotangulia ikawafundisha kujitegemea zaidi, jambo ambalo wapangaji wa sera huenda hawakulitarajia.

Kwenye afya hadithi ni ileile. Moshi ilipata hospitali ya KCMC mwaka 1971. Hospitali ya Bugando nayo ilifunguliwa mwaka huohuo, lakini iko Mwanza, na mgonjwa wa Musoma hulazimika kusafiri zaidi ya kilomita 200 kuifikia. Hospitali ya rufaa ya Kwangwa, pembezoni mwa Musoma, ilianza kujengwa miaka ya 1970, ikasimama kwa miongo kadhaa, na imeanza kupokea wagonjwa miaka ya karibuni tu. Malaria inaongeza mzigo: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliikuta kwa takribani asilimia 15 ya watoto wa Mara walio chini ya miaka mitano, na kwa chini ya asilimia 1 Kilimanjaro. Hapa si haki kuilaumu sera peke yake, maana baridi ya mlimani nayo inachangia. Ukeketaji, ambao Mara bado imo katika mikoa inayoongoza, hauna kisingizio cha hali ya hewa.

Mezani mambo hubadilika. Alfajiri, mitumbwi inaporudi mwalo wa Mwigobero, Musoma, dagaa huuzwa kwa ndoo, kisha huanikwa. Siku za giza wanapatikana kwa wingi na bei hushuka. Mbalamwezi ikitoka, taa za wavuvi haziwavuti na bei hupanda. Hata hivyo familia ya kipato kidogo hupata ugali wa udaga uliochanganywa na mtama, na kitoweo chenye nguvu, bila kuvunja kibubu. Ni nafuu ambayo takwimu za kipato haziioneshi vizuri.

Kilimanjaro nayo imebanwa na ufinyu wa ardhi. Kihamba, yaani shamba la nyumbani, kina migomba juu, kahawa chini yake, na ng'ombe zizini ambaye majani yake hubebwa kichwani kutoka tambarare. Kwa mila, mtoto wa kiume wa kwanza na kitinda mimba ndio hupewa kipaumbele katika urithi. Wa katikati hutafuta maisha kwingine, na Desemba hurudi "kuhesabiwa", kama watani wao wanavyosema. Sensa inathibitisha: kati ya 2012 na 2022 Kilimanjaro ilitoka watu 1,640,087 hadi 1,861,934, huku Mara ikipanda kutoka 1,743,830 hadi 2,372,015. Mkoa mmoja unasafirisha vijana wake waliosoma, mwingine unatafuta madawati ya watoto wake.

Maji yanaonesha tofauti hiyo kwa karibu zaidi. Wachagga walichimba mifongo, yaani mifereji, zamani, maji yakashuka yenyewe hadi vihambani. Vijiji vya Butiama viko juu ya ziwa, kwa hiyo kila ndoo lazima ipandishwe. Mradi wa Mugango–Kiabakari–Butiama, ambao Rais Samia Suluhu Hassan aliuwekea jiwe la msingi Februari 2022, huchota maji ziwani Mugango na kuyasukuma kwa pampu hadi Butiama. Gharama ya umeme wa pampu hizo iko ndani ya bei ya maji, na mwanakijiji wa Mara hulipia kile ambacho mteremko wa mlima humpa mwenzake wa Kilimanjaro bure.