Kidonda Kisichouma na Hukumu Nyingine za Kijiweni Rusimbi

Kaa kijiweni Rusimbi jioni. Habari za dagaa na bei ya mawese zikiisha, huanza uchunguzi wa midomo ya watu: fulani ana kidonda, fulani ulimi mweupe. Hukumu hutolewa kahawa haijapoa. Haya nawe umeyasikia, tuyapime.

"Kidonda kisichouma hakina neno." Si kweli, na hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Kidonda cha kwanza cha kaswende huweza kutokea mdomoni au kwenye ulimi, kwa kawaida wiki 3 hivi baada ya ngono ya mdomo na mwenye ugonjwa. Kikishikwa ni kigumu, wala hakiumi. Unasukutua kwa maji ya chumvi, wiki 3 hadi 6 kimekauka, sifa inakwenda kwa chumvi. Kingekauka hata bila chumvi. Bakteria wamebaki mwilini, na baadaye huleta vipele hadi viganjani na nyayoni. Dawa yake ni sindano ya penisilini baada ya kupima damu, na mwenzako naye atibiwe.

"Homa imemtokea mdomoni." Kweli! Bibi zetu walikuwa sahihi. Malengelenge yale husababishwa na virusi waliolala kwenye mishipa ya fahamu; homa, ya malaria ikiwemo, huwaamsha. Wengi tuliwapata utotoni kwa kubusiwa tu, basi mwacheni jirani. Ila yakiwa bado mabichi, usimbusu mtoto, na ngono ya mdomo iahirishwe: huhamia sehemu za siri.

"Ulimi mweupe ni UKIMWI." Si kweli. Weupe huo huweza kuletwa na fangasi, na fangasi hao huwapata pia watoto wachanga, wenye kisukari na waliotoka kumeza antibiotiki. Mtu mzima ukimrudia rudia bila sababu, akapime VVU.

"Kama kipimo ni cha mate, basi VVU viko kwenye mate." Si kweli, ingawa hoja yenyewe ina akili. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2019, Mtanzania anaruhusiwa kujipima. Kijiti kile cha kupitisha kwenye fizi husaka kingamwili, si virusi. Mate hayaambukizi VVU. Ukiona mistari miwili, nenda kituoni ukathibitishe.

"Kisonono hakikai kooni." Si kweli. Hukaa, tena mara nyingi kimya, bila hata kuwasha. Ukifika kwa daktari mwambie wazi kwamba ni ngono ya mdomo, maana usiposema atapima kwingine.