Kabla ya kurudisha kinanda mpakani, kagua mguso wake

KINANDA kimenunuliwa Kariakoo, kikavuka Kabanga na Kobero hadi kwa mteja Bujumbura. Jumapili ya kwanza kanisani, mpigaji analalamika: akigusa taratibu hakisikiki, akitaka sauti ni mpaka vidole viume. Simu inapigwa Dar es Salaam, mteja anataka fedha zake.

Hapo faida ya safari nzima iko hatarini. Kukirudisha ni nauli nyingine na maelezo mengine kwa maofisa wa forodha. Utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 hausaidii, kwani unahusu bidhaa zenye asili ya nchi wanachama, na vinanda vingi hutengenezwa Asia.

Lakini huenda kinanda hicho ni kizima, kasoro ikiwa ni mpangilio tu.

Chini ya kila kibonye, cheupe au cheusi, kwa kawaida kuna swichi mbili zinazoguswa moja baada ya nyingine. Mashine hupima muda kati ya miguso hiyo. Ukiwa mfupi, maana yake umepiga kwa nguvu, na sauti hupanda. Mpangilio wa mguso ndio unaoamua ipande kiasi gani.

Katika vinanda vingi vya Yamaha utakuta hatua nne. "Soft" hutoa sauti kubwa hata kwa vidole vyepesi. "Medium" ni ya kawaida. "Hard" hudai nguvu, na humfaa mwenye mkono mzito. "Fixed" hutoa sauti ileile hata upige vipi. Casio nao wana mpangilio wa aina hiyo. Tafuta neno "Touch" kwenye menyu. Kwa piano zenye vitufe vichache, unashikilia kitufe kimoja huku ukibonyeza noti iliyotajwa kwenye kijitabu cha maelekezo.

Jambo la kukumbuka: mpangilio hubadilisha sauti, haupunguzi uzito wa vibonye. Anayelalamikia uzito anahitaji kinanda cha aina nyingine.

Mteja akipiga simu, muulize kwanza: ni vibonye vyote au kimoja? Vikiwa vyote, anzeni na mpangilio. Kikiwa kimoja kinachopiga kelele kuliko wenzake au kisicholia, shuku vumbi au uchakavu kwenye mipira iliyo chini yake. Hiyo ni kazi ya fundi.

Unaponunua, zima midundo, chagua sauti ya piano, kisha bonyeza kibonye kimoja taratibu na tena kwa nguvu. Sauti isipobadilika, angalia kama mguso umezimwa. Kama menyu haina kipengele hicho kabisa, kinanda hicho ni cha bei ya chini, na mteja aambiwe hivyo kabla hajalipa.

Kijitabu cha maelekezo nacho kivuke mpaka pamoja na mzigo.