Paipu ya Tatu: Kwa Nini Mtambo Mdogo wa Kaunti Huhitaji Njia ya Ziada ya Mafuta

Mtambo mdogo wa magurudumu manne ambao wakazi wengi huuita Bobcat, hata ukiwa umetengenezwa na kampuni nyingine, umekuwa jambo la kawaida mijini. Huzoa taka sokoni, huondoa mchanga kwenye mitaro na kubeba kokoto katika vichochoro ambavyo tingatinga haliwezi kuingia. Jina lake la kiufundi ni skidi-stia. Magurudumu yake hayakunjwi kama ya gari. Mtambo hugeuka kwa kuzungusha magurudumu ya upande mmoja kwa kasi tofauti na ya upande wa pili. Wa kwanza wa aina hiyo, uliokuwa na magurudumu matatu, ulibuniwa mwaka wa 1957 katika jimbo la Minnesota, Marekani, na ndugu wawili mafundi, Cyril na Louis Keller, kwa ajili ya kuondoa kinyesi ndani ya banda la batamzinga.

Thamani ya mtambo huu haiko kwenye ndoo peke yake. Ndoo hufunguliwa, na mahali pake pakafungwa ufagio wa barabara, kifaa cha kufyeka vichaka, keekee ya kuchimba mashimo ya nguzo au ngoma yenye meno ya kukwangua lami iliyoharibika. Vyote hivi huzungushwa na mafuta ya haidroliki yanayotoka kwenye mtambo. Hapo ndipo hasara nyingi huanzia: mtambo umenunuliwa ukiwa na paipu mbili mbele, lakini kifaa kinahitaji tatu.

Mafuta yanayopenya kwa makusudi

Paipu ya kwanza hupeleka mafuta kwenye mota ya kifaa yakiwa na shinikizo la baa 200 au zaidi, yaani karibu pauni 2,900 kwa kila inchi mraba. Tairi ya gari dogo, kwa kulinganisha, hujazwa hadi baa 2 na kitu. Paipu ya pili huyarudisha mafuta yakishafanya kazi.

Ndani ya mota ya pistoni kuna vyuma vinavyosuguana kwa ukaribu mno, na kati yake hupenya mafuta kidogo wakati wote. Huo si ubovu. Mafuta hayo hulainisha beringi na kuondoa joto, kisha hukusanyika ndani ya kasha la mota. Ni lazima yatoke. Yakikosa njia, shinikizo ndani ya kasha hupanda mpaka kitu kilicho dhaifu kuliko vyote kiachie, na kwa kawaida kitu hicho ni sili ya shafti. Sili ni pete ya mpira iliyotengenezwa kuzuia mafuta yenye msukumo mdogo tu. Katika mota nyingi za pistoni kiwango chake ni baa chache. Ikifumuka, mafuta humwagika kando ya shafti, na hali ikiwa mbaya zaidi kasha lenyewe hupasuka.

Paipu ya tatu, ambayo mafundi huiita kesi dreni, ndiyo njia hiyo ya kutokea. Ni nyembamba kuliko zile mbili. Mara nyingi kiungio chake ni cha inchi 3/8, ilhali vile vikubwa ni vya inchi 1/2. Kazi yake ni kuyarudisha mafuta ya kwenye kasha moja kwa moja hadi tangini bila kupita mahali popote penye msukumo.

Kuna mota zisizoihitaji. Mota ndogo za keekee za kuchimbia mashimo, kwa mfano, nyingi zina vali za ndani zinazoelekeza mafuta hayo kwenye njia ya kurudi. Ndiyo sababu opareta aliyetumia keekee miaka mingi kwa paipu mbili huapa kwamba ya tatu ni mapambo. Kwa keekee yake ana haki. Akifunga kifaa cha kusaga vichaka chenye mota ya pistoni, mambo yanabadilika, na sili inaweza kufumuka muda mfupi baada ya kuanza kazi.

Kuunganisha mahali pasipofaa

Mtambo usio na kesi dreni unaweza kuongezewa. Tatizo ni kwamba njia rahisi ndiyo mbaya. Fundi huchukua kiungio cha T na kuiunganisha paipu mpya kwenye paipu kubwa ya kurudi, akisema kwamba mafuta yote huishia kwenye tangi lilelile. Ni kweli huishia huko, lakini yakiwa njiani hupita kwenye viungio, chujio na rejeta ya kupoza mafuta. Lita 80 zikipita kwa dakika, tena asubuhi ya Julai mahali kama Nyahururu mafuta yakiwa bado mazito kwa baridi, msukumo katika paipu ya kurudi unaweza kuzidi kwa mbali uwezo wa sili. Msukumo huo hugeuka na kuingia ndani ya kasha la mota. Kazi ya namna hii ni hatari kuliko kutokuwa na paipu kabisa, kwa sababu kila anayetazama huona paipu tatu na kuridhika.

Njia sahihi huanza na kitabu cha mtambo. Baadhi ya mitambo ina tundu la ziada kwenye tangi, lililozibwa kwa kizibo cha chuma, na watengenezaji huuza seti ya vipuri vya kuunganisha hapo. Pasipokuwa na tundu, tangi hutolewa mafuta yote, hushushwa, huoshwa na kukabidhiwa mchomeleaji anayejua kufanya kazi na vyombo vilivyokuwa na mafuta. Kulitoboa likiwa limejaa ni kualika vumbi la chuma liingie kwenye pampu. Mwisho wa paipu ndani ya tangi uwe chini ya usawa wa mafuta, yasije yakatoa povu.

Upande wa mota, paipu hutoka kwenye tundu la juu la kasha ili kasha libaki limejaa. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, mafuta safi humiminwa ndani ya kasha. Mota ikianza ikiwa kavu huharibika hata kama paipu zote zimefungwa vyema. Hozi hupitishwa mkononi mwa mtambo pamoja na nyingine, ikiachiwa urefu wa kutosha mkono unapopanda na kushuka. Njiani pasiwekwe koki ambayo mtu anaweza kuifunga kwa kusahau.

Baada ya hapo hupimwa. Geji hufungwa kwenye kesi dreni karibu na mota, mtambo ukafanyishwa kazi hadi mafuta yapate joto, na kipimo kikalinganishwa na kitabu cha mota. Gereji makini hupima pia kiasi cha mafuta yanayotoka humo kwa dakika na kukiandika. Kiasi hicho kikiongezeka kutoka kipimo kimoja hadi kingine, mota inachakaa, na kuna muda wa kupanga matengenezo kabla haijakwama katikati ya barabara.

Kwa opareta, utaratibu wa kila siku ni mfupi: kesi dreni huunganishwa kwanza na huondolewa mwisho.

Mikono, mitaro na fedha

Kabla ya kugusa viungio, mkono wa mtambo uwe chini, injini imezimwa na shinikizo limeachiliwa. Kama ni lazima mkono ubaki juu, kizuizi chake cha chuma kifungwe. Watu wameuawa kwa kubanwa kati ya mkono na bodi. Uvujaji usitafutwe kwa kiganja. Tundu dogo kama ncha ya sindano hutoa mafuta yenye nguvu ya kupenya ngozi, na jeraha huonekana kama la mwiba. Aliyepatwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo na daktari aambiwe kwamba ni mafuta ya haidroliki. Kungoja hadi kesho kunaweza kumgharimu kidole au mkono.

Mafuta yanayomwagika huishia mitaroni. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la barabara za kaunti na maji ya mvua mijini, kwa hivyo mtambo wa kuzibua mtaro haufai kuwa wa kwanza kuuchafua. Mafuta machakavu huhifadhiwa kwenye chombo kilichofungwa na kukabidhiwa mchukuzi mwenye leseni ya NEMA. Kuyapaka kwenye nguzo za ua ili kufukuza mchwa, au kuyamwaga barabarani kutuliza vumbi, ni mazoea ya zamani, lakini mvua ikinyesha huoshwa hadi mtoni.

Makundi ya vijana na wanakandarasi wanaokodi au kununua mtambo uliotumika wanashauriwa kuuliza mambo mawili kabla ya kulipa: mtambo hutoa lita ngapi za mafuta kwa dakika, na je, una kesi dreni inayofika tangini? Asiyejibu la pili aombwe kuifuata paipu kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwenye zabuni, sharti hilo huingia kwa sentensi moja. Likikosekana, kifaa kinaweza kufika bila mtambo wa kukiendesha, na mtengenezaji akakataa dhamana kwa mota iliyoharibika.

Mkazi anayeona mtambo wa kaunti ukiacha mkondo wa mafuta barabarani aripoti kwa msimamizi wa wadi, akitaja nambari ya mtambo, mahali na saa.