Fundi Akimaliza Ndege, Hatari Ndipo Inapoanza

Kahama, Katoro na Geita mjini kuna mafundi wasiotishwa na chuma. Makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu kwenye mialo mengi yametoka mikononi mwao, na pampu zinazotoa maji kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, hufufuliwa nao kwa vipuri vya kuokoteza. Katika ukanda wenye ufundi kama huu, kijana akisema anataka kuunda ndege hakuna sababu ya kumcheka. Tunduma, mkoani Songwe, fundi mmoja aliwashangaza wengi alipoonekana akiunda helikopta katika karakana yake. Kule Nyeri, Kenya, mtaalamu wa kompyuta ametengeneza ndege zaidi ya moja nyumbani kwake. Ethiopia yuko Asmelash Zeferu, ambaye baada ya kukosa nafasi ya kusomea urubani kwa sababu ya kimo alijifunza kupitia vitabu na video, akaunda ndege yenye injini ya Volkswagen Beetle. Jaribio lake la mwaka 2015 halikufanikiwa kuipaisha.

Wengi tunapoitazama ndege ya namna hii tunaogopa jambo moja: kwamba itakatika vipande angani. Takwimu za Marekani, ambako ndege zilizoundwa na watu binafsi ni zaidi ya 30,000, zinaonyesha tishio lililo tofauti. Mwaka 2012 Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya nchi hiyo ilichapisha uchunguzi wake kuhusu ndege hizo. Ilikuta kwamba mwili wa ndege kuvunjika hewani si jambo la kawaida. Kinacholeta ajali zaidi ni injini kuzimika au kupungua nguvu, na rubani kushindwa kuitawala ndege. Ajali hizo hurundikana mwanzoni mwa maisha ya ndege, katika safari za kwanza kabisa, na hurundikana tena ndege inaponunuliwa na mtu mwingine anayeirusha kwa mara ya kwanza.

Sababu yake inaeleweka. Siku ya safari ya kwanza injini haijawahi kufanya kazi angani, mabawa hayajawahi kubeba uzito, usukani haujawahi kupambana na upepo, na rubani hajui ndege hii inaachia ardhi kwa mwendo gani. Mambo manne yasiyojulikana yanakutana ndani ya dakika tano. Kazi yote ya kujiandaa ni kuyapunguza, ili siku ya kuruka libaki jambo geni moja tu au mawili.

Kwetu Shinyanga na Geita kuna la tano, ambalo michoro ya ndege inayopatikana kwenye intaneti hailitaji kwa jina: hewa yenyewe. Ardhi ya huku iko juu. Ziwa Victoria tu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Shinyanga mjini ni mita 1,100 na ushee. Hewa ya kimo hicho ni nyepesi kuliko ya pwani. Joto likizidi, huzidi kuwa nyepesi. Mahesabu ya ndege huanzia kwenye hewa ya usawa wa bahari yenye joto la nyuzi 15, na huchukulia kwamba kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka nyuzi 6.5. Kwa kipimo hicho, mahali pa mita 1,150 pangepaswa kuwa na nyuzi 7 na nusu hivi. Lakini mchana wa Oktoba, kabla mvua hazijashika, Shinyanga hufika nyuzi 32. Tofauti hiyo inaifanya ndege ione kana kwamba iko kwenye mlima wa mita 2,000 na zaidi, hata kama magurudumu yake yako kwenye mbuga tambarare ya Ibadakuli.

Hewa ya namna hiyo ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na ile ya usawa wa bahari inayotumika kwenye mahesabu. Injini isiyo na chaja ya kusukuma hewa, ambayo kitabuni ni ya nguvu za farasi 100, inatoa farasi 80 tu. Panga boi nalo linauma hewa nyepesi, kwa hiyo linavuta kidogo. Mabawa yanahitaji mwendo mkubwa zaidi juu ya ardhi, kwa asilimia 10 hivi, ndipo yabebe uzito uleule. Ukiyaweka pamoja, ndege iliyoandikiwa kuondoka kwa mita 300 itadai mita 450 au zaidi. Na ardhi ikiwa ya vumbi laini au majani marefu, ongeza.

Hapo kuna mtego ambao umewakamata hata marubani wazoefu. Karibu sana na ardhi, kwa kimo kisichozidi upana wa mabawa, ndege huelea kwa urahisi kwa sababu ardhi inazuia hewa isishuke vizuri nyuma ya bawa. Ndege dhaifu inaweza kunyanyuka katika tabaka hilo, watu wakapiga vigelegele, kisha ikagoma kupanda zaidi. Mbele kuna mti au nyumba. Rubani anavuta usukani, pua inainuka, mwendo unashuka, na bawa linaacha kubeba. Ndiyo maana safari ya kwanza katika ukanda huu haifai kufanyika mchana. Inafaa alfajiri, saa 12 na nusu, wakati hewa bado nzito na vimbunga vya vumbi vya kiangazi havijaamka.

Injini inahitaji neno lake. Fundi aliyezoea jenereta au bodaboda anajua injini inayounguruma vizuri ikiwa imesimama. Ndege inapopaa huinua pua, na tangi ambalo mafuta yake hushuka yenyewe kwa uzito linaweza kushindwa kuyafikisha kwenye kabureta. Kipimo chake ni rahisi, kinafanyika gereji bila kuruka. Inua pua ya ndege mpaka pembe ya kupaa, acha mafuta kidogo tangini, fungua bomba kwenye kabureta, na kinga mafuta kwa chombo chenye alama za lita huku unatazama saa. Mfumo wa kushuka kwa uzito unatakiwa kutoa mara moja na nusu ya kiasi ambacho injini inakunywa ikiwa kwenye nguvu zote. Injini inayokunywa lita 20 kwa saa ipate lita 30 kwa saa, yaani nusu lita kila dakika. Isipofika hapo, ndege haijawa tayari, hata kama rangi imeshakauka.

Pia mpangilio wa vishikio unaweza kuua. Oktoba 12, 1997, mwanamuziki wa Marekani John Denver alianguka na ndege yake kwenye ghuba ya Monterey, California, akafariki. Ilikuwa ndege ya kuundwa nyumbani aina ya Long-EZ ambayo alikuwa ameinunua muda mfupi kabla. Aliyeiunda alikuwa ameiweka koki ya kubadili tangi la mafuta nyuma ya bega la kushoto la rubani, mahali ambapo mkono haufiki bila kujipinda. Wachunguzi walieleza kwamba Denver alipojigeuza kuifikia huenda aliikanyaga pedali ya usukani, na ndege ikamtoka mikononi. Hakuna kipande kilichokuwa kimevunjika. Fundi anayesoma haya akae kwenye kiti chake, ajifunge mikanda, afumbe macho, na aguse kila kishikio bila kusogeza mgongo.

Mizani ndiyo kifaa ambacho ukanda huu unacho kwa wingi, kuanzia maghala ya pamba hadi kwa wanunuzi wa dhahabu. Ndege inapimwa kwa mizani mitatu, mmoja chini ya kila gurudumu. Tuseme gurudumu la pua linasoma kilo 60, na yale makubwa mawili ya nyuma kilo 120 kila moja: jumla kilo 300. Kama gurudumu la pua liko mita 1.4 mbele ya yale makubwa, zidisha 60 kwa 1.4, gawanya kwa 300, unapata mita 0.28. Hapo ndipo uzito wote unapotulia, sentimita 28 mbele ya magurudumu makubwa. Rudia kipimo rubani akiwa kitini na mafuta yakiwa tangini, kisha linganisha na mpaka uliowekwa na mbunifu. Uzito ukirudi nyuma kupita mpaka huo, ndege inakuwa kama baiskeli iliyofungwa gunia la mkaa zito mno kwenye keria: usukani unaelea, na ukishainuka mbele hakuna wa kuurudisha.

Nirudi kwenye injini kuzimika, kwa sababu hapa ndipo maisha mengi hupotea. Ikizimika mara tu baada ya kupaa, moyo wote wa rubani unamwambia arudi kiwanjani alikotoka, penye watu na usalama. Kurudi huko ndiko kunakoua. Ili kugeuka nusu duara na kuulenga uwanja tena, ndege ndogo nyingi hupoteza zaidi ya mita 100 za kimo, na rubani bado hajafika mita 100. Anailaza ndege sana ili igeuke haraka. Bawa lililolazwa kwa pembe ya nyuzi 60 linahitaji mwendo wa asilimia 41 zaidi ili lisiache kubeba. Bila injini mwendo huo haupo. Ndege inageuka kichwa chini kwa mzunguko, na ardhi iko karibu. Rubani anayeshusha pua papo hapo na kutua mbele, hata kwenye shamba la mpunga, mara nyingi anatoka akichechemea.

Kwa hiyo mahali pa kurukia panachaguliwa kwa kutazama kilichopo baada ya mwisho wa uwanja. Mbuga za Shinyanga ni tambarare, na mwezi wa nane, mavuno yakiisha, zina nafasi. Upande wa Geita mambo ni magumu: kuna vilima, mashimo ya wachimbaji yaliyoachwa wazi, na vifusi ambavyo ramani haivionyeshi. Hapo hapana mahali pa kutua kwa dharura, na mimi nasema hapafai kwa safari ya kwanza hata kama uwanja wenyewe ni mzuri.

Sasa mwili wa rubani. Ndege inayogonga kwa kilomita 80 kwa saa ikasimama ndani ya mita moja inauzidishia mwili uzito wake mara 25. Ikiteleza mita 10 kabla ya kusimama, ni mara mbili na nusu tu. Mkanda wa kiunoni peke yake unamwacha rubani apige uso kwenye dashibodi. Unatakiwa mkanda wa mabega pia, uliofungwa kwenye chuma cha fremu, pamoja na kofia ngumu. Nguo ziwe za pamba, kwa kuwa nailoni huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Bomba la moshi lenye ufa mdogo huingiza kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoshikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi.

Fundi aliyekesha akikaza nati za mwisho hafai kurusha ndege asubuhi yake. Uchovu na woga hubana akili, mtu akakodolea macho kipimo kimoja na kusahau mwendo. Kwa maoni yangu, aliyeiunda ndege asiwe ndiye anayeirusha mara ya kwanza, isipokuwa ana leseni na amerusha ndege inayofanana nayo siku za karibuni. Miaka ya jasho humfanya asitake kuikatisha safari hata pale anapopaswa.

Na umati usiwepo. Najua tulivyo: habari ikivuja, shule zitafungwa, mgeni rasmi ataalikwa, simu zitainuliwa. Panga boi linalozunguka halionekani, na mtoto hulikimbilia. Zaidi ya hapo, rubani anayetazamwa na watu elfu moja hawezi kusema "leo hapana". Wawepo watu wachache wenye kazi: mmoja na mtungi wa kuzimia moto, mmoja na kisu cha kukatia mikanda, mmoja kwenye gari lenye injini inayowaka, akiwa ameshawapa taarifa zimamoto kupitia 114 na hospitali ya karibu. Majeruhi asivutwe ovyo, shingo yake ilindwe, ila moto ukiwepo atolewe kwanza. Damu izuiwe kwa kukandamiza kitambaa. Palipoungua pamwagiwe maji safi kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala mafuta.

Kisheria, ndege hairuki Tanzania bila usajili na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Mafundi wengi huiogopa ofisi hiyo na kuificha kazi mpaka iishe. Waende mapema, fremu ikiwa bado haijafunikwa, maana mkaguzi hawezi kuona maungio yaliyozibwa kwa bati. Na Morogoro, ambako ndege ndogo za Skyleader zenye asili ya Cheki zimekuwa zikiunganishwa, kuna kazi za kutazama na kujifunza.

Safari ya kwanza yenyewe iwe fupi na isiyo na mbwembwe. Kabla yake ndege itembezwe uwanjani kwa siku kadhaa, polepole kisha kwa kasi, breki na injini vikijaribiwa. Ikipaa, ibaki juu ya uwanja, ipande mpaka kimo cha usalama, na hapo rubani apunguze mwendo taratibu ajue bawa linaacha kubeba kwa mwendo gani kabla hajajaribu kutua. Akishuka, kifuniko cha injini kifunguliwe na kila nati ikaguliwe kwa tochi, kwa sababu mtetemo wa dakika 20 hulegeza kilichoonekana kimekaza. Marekani ndege ya namna hii kwa kawaida hutakiwa kukamilisha saa 25 hadi 40 za majaribio katika eneo lililo mbali na makazi, bila abiria, ndipo iruhusiwe kubeba mtu mwingine.