Ya Kupanda na ya Kushuka: Gari la Jamaa Katika Milima ya Usambara

Mtu atokaye Tanga au Dar es Salaam na jamaa yake garini kwenda kupumzika Lushoto, akiisha kuipita Korogwe huona upande wake wa kulia ukuta wa jabali umesimama wima, na kwa kuwa mashamba ya mkonge yametanda tambarare hadi miguuni mwa ukuta huo, pasina vilima vya kumtayarisha macho, hudhani kwamba hapana njia ya gari iwezayo kupenya pale. Njia ipo. Afikapo Mombo hukata kulia, na katika mwendo wa kilomita 33 hivi barabara ya lami humchukua kutoka mita 400 na ushei juu ya usawa wa bahari hadi karibu mita 1,400, akipanda bonde la mto mpaka Soni, na kutoka Soni mpaka Lushoto. Kupanda mita 1,000 kwa muda wa saa moja si jambo dogo kwa mwili wa binadamu, wala kwa injini, wala kwa breki. Na makusudio ya makala haya ni kueleza sababu zake, maana aghalabu wasafiri huuogopa mpando, ambao hauna madhara makubwa, wakaudharau mteremko, ambao ndio wenye hatari.

Tuanze na jabali lenyewe. Kwa kuwa Kilimanjaro, uliotangaa sifa, ni mlima wa volkano, wengi hufikiri kwamba kila mlima wa nchi hii ulitapikwa na moto wa ardhini. Hasha. Kilimanjaro umri wake haujatimiza miaka milioni 3, ilhali mawe ya Usambara yalipikwa na kukandamizwa chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, kisha, baada ya dahari nyingi, tabaka la ardhi likakatika kwa mipasuko mirefu, sehemu moja ikainuka na jirani yake ikabaki chini. Milima ya jinsi hii imepangika kwa umbo la tao kuanzia Taita, nchini Kenya, ikapita Pare, Usambara, Nguru na Uluguru hadi Udzungwa, na wataalamu wameiita Milima ya Tao la Mashariki. Kwa sababu iliinuliwa kwa kukatika, na si kwa kurundikwa, haina kilele kimoja chenye miteremko ya upole. Ina kingo kali pande zote, na juu yake nchi pana ya vilima na mabonde yanayolimwa. Dereva na alifahamu hilo mapema: sehemu kubwa ya kazi yake imekusanywa ukingoni, katika kilomita chache zenye kona nyingi.

Gari halijafika mbali na Mombo, sauti hutoka kiti cha nyuma: “Baba, masikio yangu yameziba.” Nyuma ya kiwambo cha sikio imo hewa, nayo huingia na kutoka kwa mfereji mwembamba ufikao kooni. Gari lipandapo, hewa ya nje hupungua mgandamizo, ile ya ndani ikabaki na nguvu ya tambarare, ikakisukuma kiwambo kwa nje. Mtoto akimeza mate, au akipiga miayo, au akitafuna kitu, mfereji hufunguka na ndani na nje vikalingana. Wakati wa kushuka mambo hupinduka, hewa ya nje ikakandamiza kwa ndani, na mfereji huo, kwa maumbile yake, huwa mgumu zaidi kufunguka; kwa hiyo mtoto mchanga aliyelala garini ni heri aamshwe anyonyeshwe njiani kuliko kuachwa hadi maumivu yamwamshe, na mwenye mafua makali ajue kwamba siku ya kurudi ndiyo itakayomsumbua.

Atakaye ushahidi wa macho na anunue pwani paketi ya bisi iliyofungwa kiwandani, aiweke kitini pasipo kuifungua. Lushoto ataikuta imetuna. Hewa ya huko ina mgandamizo pungufu kuliko ya Mombo kwa takriban sehemu moja katika kila tisa, na maji, ambayo pwani huchemka kwa nyuzi 100, huko huchemka kwa nyuzi 95 na kidogo, ndiyo maana sufuria ya maharage ya Lushoto hukaa motoni muda mrefu kuliko ya Tanga na mpishi hana kosa.

Injini nayo huishi kwa hewa. Ile isiyo na tabo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 ipandazo, na dereva asiyelijua hilo hung’ang’ania gia kubwa, akakanyaga mafuta hadi mwisho, injini ikagugumia kama punda aliyepakiwa kupita kiasi, na kwa kuwa mwendo ni mdogo na upepo upitao kwenye rejeta ni haba, gari likachemsha. Dawa yake ni nyepesi: gia ndogo mapema, kabla injini haijalemewa, kiyoyozi kizimwe, madirisha yafunguliwe. Likishachemsha, lisimamishwe mahali pa salama na kifuniko cha rejeta kisiguswe hata kidogo mpaka chuma kipoe, kwa sababu maji yaliyofungiwa humo hushinda nyuzi 100 bila ya kutokota, na siku afunguapo mtu kwa pupa hulipuka yote kwa mara moja, yakamchoma uso na mikono. Na ada njema ya madereva wa milimani, ipasayo kushikwa na wageni, ni kwamba mahali pembamba lishukalo hulipisha lipandalo.

Juu ya kutapika nitasema machache. Kona zikifululiza, kilichomo ndani ya sikio humwambia mtoto kwamba anayumbishwa, na macho yake, yaliyozama katika kitabu au simu, humwambia kwamba ametulia. Ubongo ukashindwa kusuluhisha mashahidi hawa wawili, na kichefuchefu kikaja. Mwondoleeni simu, akae mahali awezapo kuiona barabara ya mbele, mumfungulie dirisha. Watoto kati ya miaka 2 na 12 ndio huugua zaidi, na dereva haugui karibu kamwe, kwa kuwa macho yake huijua kila kona kabla mwili haujaihisi.

Hali ya hewa yataka maelezo marefu kidogo. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi, hususan kusi, hufika zimebeba unyevu mwingi, zikagonga ukuta wa milima zisipate pa kupitia isipokuwa kupanda. Hewa ipandayo hutanuka, itanukapo hupoa, na kwa kila mita 1,000 hupungua joto kwa nyuzi 6 hivi, hata unyevu ule usiweze tena kubaki mvuke, ukawa wingu, ukungu na mvua. Ndiyo sababu Amani, katika Usambara ya Mashariki inayotazama bahari, hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mbuga za Mkomazi, zilizojificha nyuma ya milima, hukauka. Mwenye wasaa na aendelee hadi Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni kabisa kaskazini-magharibi. Hapo watoto watafahamu habari hii bila ya kufundishwa, kwani nyuma yao kuna mashamba mabichi, na chini ya miguu yao, mamia ya mita, imetandaa nyika ya hudhurungi isiyo na mwisho.

Kwa msafiri, elimu hii hugeuka sweta na taa. Sweta, kwa kuwa aliyeondoka Tanga anatoka jasho, akafika Lushoto mwezi wa Julai baada ya magharibi, atatetemeka, na watoto wa pwani hawana mazoea hayo. Taa, kwa kuwa ukungu huteremka barabarani ghafla, na mtu akiwasha taa kali nuru yake hugonga matone ya maji ikamrudia machoni mwake mwenyewe. Taa za chini ndizo zimfaazo. Wakati wa masika njia za udongo za vijijini huwa utelezi mtupu, na miteremko iliyokatwa ili kupitisha barabara huweza kuporomoka. Mimi nisingepeleka watoto Mtae siku ya pili ya mvua kubwa, hata wenyeji waniambie kwamba basi limepita.

Kule juu kila mtu atachagua la kumpendeza. Soni kuna maporomoko ya maji, na vijana hunyanyua vikapu vya mafyulisi na mapeasi hadi kwenye dirisha la gari, bei ikashuka kadiri dereva anavyochelewa kuondoka. Vuga, uliokuwa mji wa wafalme wa Kilindi, hauko mbali na hapo. Mwenye kitabu cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy juu ya habari za Wakilindi, na awasomee watoto jioni habari za Mbega mwindaji, wapate kujua kwamba nchi hii ilikuwa na dola yake kabla Wajerumani hawajafika na kuuita mji wa Lushoto Wilhelmstal. Msitu wa Magamba una mbega, hawa wa mkia mweupe, na mwenye subira huweza kumwona kinyonga mwenye pembe usoni. Ua la zambarau liuzwalo katika vyungu vya Ulaya na Marekani kwa jina la Saintpaulia asili yake ni milima hii na vilima vya pwani iliyo jirani. Lilipewa jina hilo mwaka 1893 kwa heshima ya Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, ingawa Wasambaa walikuwa wakilipita njiani kwa karne nyingi bila ya kumwomba mtu ruhusa.

Sasa tuje kwenye kushuka. Gari la jamaa lenye abiria na mizigo, uzito wake kilo 1,500, lilipopanda mita 1,000 lilitumia petroli kujiwekea akiba ya nguvu, na siku ya kurudi akiba hiyo yote lazima itoke, haifi, haifichiki. Nikiipiga hesabu kwa maji, nguvu hiyo yatosha kuchemsha zaidi ya lita 40 zilizotekwa baridi mtoni. Dereva ashukaye kwa breki peke yake anataka joto hilo, isipokuwa kiasi kidogo kichukuliwacho na upepo na matairi, lipite katika visahani vya chuma na pedi ambazo mtu aweza kuzikusanya zote katika kikapu kimoja. Kwanza hutoka harufu ya kuungua. Kisha pedi, zikiwaka, hupoteza ushikaji wake, na mguu ukalazimika kukanyaga zaidi kwa kazi ile ile. Kisha huja la tatu, ambalo ndilo liualo watu: joto hufikia mafuta ya breki, yakachemka ndani ya mirija, yakafanya mapovu, na maadamu mafuta hayakubali kubinywa lakini povu hubinyika, pedeli hulegea na kuzama hadi sakafuni, gari lisishikike.

Mkombozi ni ile injini iliyolaumiwa wakati wa kupanda. Shuka kwa gia ile ile ambayo ungeipandia mahali hapo, na uiingize kabla ya mteremko kuanza, si katikati yake. Magurudumu huizungusha injini kwa nguvu, nayo, ikinyimwa petroli, huvuta hewa kwa taabu na kuyazuia. Wenye magari ya otomatiki hujidhania hawamo katika maneno haya, walakin rungu la gia lina alama ya L au 2, na baadhi ya magari B, ambazo wenye nayo wengi hawajazigusa tangu walipoyanunua. Hizo ndizo za mteremko wa Soni. Breki zitumike kwa vipindi, zikanyagwe kwa nguvu hadi mwendo upungue, kisha ziachiwe zipate upepo, wala mguu usilalie pedeli kutoka juu hadi chini. Ukisikia harufu, simama, watoto wanyooshe miguu, na usimwagie maji visahani vilivyo moto, kwani chuma huweza kujikunja au kupasuka.

Iko desturi moja mbaya mno, nayo ni kushuka kwa nyutro ili kuokoa mafuta. Injini za siku hizi, zinyunyiziwazo petroli kwa vipimo vya umeme, gari lishukapo likiwa ndani ya gia na mguu umetoka kwenye mafuta, hukatiwa petroli kabisa. Zikitiwa nyutro, ndipo hudai petroli ili zisizimike. Basi huyo aendaye kwa nyutro anateketeza mafuta apate hatari. Na azimaye injini kabisa ni mwendawazimu, kwa kuwa huikosesha breki msaada wake, na akiuzungusha ufunguo kupita kiasi usukani hufunga.

Yamebaki mafuta ya breki yenyewe. Tabia yake ni kunyonya unyevu wa hewani kidogo kidogo kila siku, hata gari likiwa limeegeshwa tu, na kadiri yanavyonyonya ndivyo yanavyochemka mapema: yale yaitwayo DOT 3, yakiwa mapya, hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini yakiisha kunyonya maji huweza kuchemka kwa nyuzi 140 tu, kiwango ambacho breki za mteremkoni hukifikia bila ya shida. Kwa hiyo, kabla ya kupakia mizigo, mpelekee fundi gari, na ikiwa mafuta hayo yamepita miaka 2 bila ya kubadilishwa mwambie ayamwage yote, asiyaongeze tu juu ya ya zamani. Na umnunulie chupa mpya. Iliyofunguliwa mwaka jana ikabaki kabatini isitumike, maana nayo imekuwa ikinyonya maji muda wote huo.