Kima cha Chini Hakizuii Riba

"Nilikuwa nadaiwa 60,000. Nimelipa 20,000 na sijanunua hata kiberiti kwa kadi. Mbona benki inaandika 41,841? Hizo 1,841 zimetoka wapi?"

Tarakimu hubadilika, lakini swali ni lile lile, na huja na tuhuma kwamba karani fulani wa benki amechota pesa za mtu. Hajachota. Kosa ni kutoa 20 kwenye 60 na kusahau kwamba deni la kadi huhesabiwa kwa siku. Chukua riba ya 3.5% kwa mwezi, yaani 42% kwa mwaka (yako imeandikwa kwenye mkataba wako, isome). Taarifa ilitoka tarehe 5, wewe ukalipa tarehe 25. Kwa siku 20 ulidaiwa 60,000, na kwa siku 10 zilizobaki ulidaiwa 40,000. Zidisha kila deni kwa siku zake, jumlisha, upate 1,600,000. Zidisha kwa 42%, gawanya kwa 365. Jibu ni 1,841. Kama ungelipa siku ile ile taarifa ilipotoka, riba ingekuwa 1,381. Shilingi 460 umezitoa kwa kungoja tarehe ya mwisho, na bado ulilipa ndani ya muda.

Hesabu hiyo ni ya shule ya msingi na wengi huielewa mara moja. Kinachofuata ndicho kinachonikosesha subira, kwa sababu kila ninayemwonyesha hesabu hii hunijibu: "Lakini mimi hulipa kima cha chini kila mwezi kabla ya tarehe. Sistahili kutozwa riba."

Unastahili kutozwa, na unatozwa kila siku. Kima cha chini kinakukinga na mambo mawili tu: faini ya kuchelewa, na jina lako kupelekwa CRB, ofisi inayotunza rekodi za wakopaji, kama mtu aliyeacha kulipa. Kwa riba hakina kazi yoyote. Imani hii inatoka kwenye ujumbe wa simu unaosema "lipa angalau kiasi hiki kufikia tarehe 25". Mtu analipa, anapokea shukrani, hapigiwi simu na mtu, basi anaona ametimiza wajibu wote. Kisha anamfundisha mwenzake kazini, na mwenzake anamfundisha shemeji yake.

Zile siku 45 au 50 bila riba zinazotangazwa pia zimeeleweka vibaya. Siku hizo ni za anayelipa deni lote lililo kwenye taarifa, hadi senti ya mwisho. Ukibakiza sehemu, kwenye kadi nyingi unazipoteza, hata kwa bidhaa mpya. Unga na mafuta uliyonunua leo kwa kadi yenye deni la nyuma yanaanza kuzaa riba leo. Na pesa taslimu zilizotolewa kwa kadi kwenye ATM kwa kawaida hazina siku za bure hata kwa mtu asiyedaiwa chochote: kuna ada ya kutoa, na riba inaanza siku hiyo hiyo.

Sasa tazama kima cha chini kinavyofanya kazi kwa mwaka mzima. Deni ni 100,000, riba 3.5% kwa mwezi, kima cha chini 5% ya deni. Umeifungia kadi kabatini, hununui kitu. Mwezi wa kwanza riba ya 3,500 inaongezwa, deni linakuwa 103,500, nawe unatakiwa ulipe 5,175. Unalipa. Linabaki 98,325. Umetoa zaidi ya elfu tano kwenye mshahara wako, deni limeshuka kwa 1,675. Ukiendelea hivyo bila kukosa hata mwezi mmoja, baada ya miezi 12 utakuwa umelipa takriban 56,700 na bado utadaiwa takriban 81,650. Takriban 38,300 zimekwenda kwenye riba. Kufikia nusu tu ya deni itakuchukua takriban miezi 41.

Ubaya mkubwa umejificha kwenye ile asilimia. Deni likishuka, kima cha chini nacho kinashuka. Mwezi wa pili utaombwa 5,088, wa tatu pungufu ya hapo, nawe utafurahi kwamba mzigo unapungua. Unaopungua ni mwendo wako wa kulipa. Watu wawili waanze na deni hilo hilo la 100,000 na malipo hayo hayo ya 5,175. Mmoja afuate kima cha chini kinavyoteremka. Mwingine akatae kuteremka, alipe 5,175 ile ile kila mwezi. Huyu wa pili atamaliza deni mwezi wa 33. Mwezi huo huo, yule wa kwanza bado atakuwa anadaiwa zaidi ya 57,000. Wote wawili walilipa kwa wakati, na hakuna hata mmoja aliyetozwa faini. Ukiweza 10,000 kwa mwezi, utamaliza kwa miezi 13.

Marekani, sheria ya kadi za mkopo ya mwaka 2009 inalazimisha taarifa ya kila mwezi imweleze mteja itamchukua muda gani kumaliza deni akilipa kima cha chini peke yake. Ndugu zetu walioko huko wayasome maelezo hayo kabla ya kusoma kitu kingine. Ningependa kuyaona kwenye taarifa ya kila benki ya Kenya, kwa herufi kubwa kuliko zile za tangazo la safari na zawadi.

La kufanya, basi. Acha kuitumia kadi mpaka deni liishe. Chagua kiasi maalumu kinachozidi kima cha chini na usikipunguze. Lipa siku mshahara unapoingia, usingoje tarehe ya mwisho. Kama una kadi mbili, lipa kima cha chini kwenye ile ya riba ndogo na uelekeze nguvu kwenye ile ya riba kubwa, hata kama deni lake ni dogo. Mkopo wa benki wa kuifuta kadi unafaa iwapo riba yake ni ya chini na inahesabiwa kwenye deni linalobaki. Uliza hilo kabla ya kutia sahihi, pamoja na ada zote. Usilipe kadi kwa mkopo wa simu: ada ya 7.5% kwa siku 30 ni zaidi ya mara mbili ya 3.5%. Kwa walio Kenya, msingoje kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kiwaokoe. Kikomo chake cha riba kinahusu mikopo chechefu, yaani iliyokwama kulipwa, na mkopo ukishafika huko jina lako limeshachafuka CRB. Ukielemewa kabisa, nenda benki uombe mpango wa malipo kabla hujakosa mwezi wa kwanza.

Na ukifika mwisho, usilipe kiasi kilichoandikwa kwenye taarifa ukadhani umemaliza. Taarifa ni ya siku ilipotolewa. Mwenye deni la nyuma, aliyekwisha kupoteza siku za bure, akilipa 60,000 yote tarehe 25 atakuta 1,381 mwezi unaofuata, riba ya zile siku 20. Wengi huipuuza kwa kuwa wanaamini kadi imekwisha, inaongezewa faini, na miezi michache baadaye wanakataliwa mkopo mahali pengine. Piga simu, uliza kiasi cha kufunga deni kwa tarehe utakayolipa, lipa kiasi hicho siku hiyo, funga kadi ili ada ya mwaka isije kuingizwa, kisha dai barua ya kuthibitisha hudaiwi na uihifadhi.